Pumzi ya chombo: kinachotenganisha nyambizi za leo na za kale

Alasiri ya tarehe 2 Mei 1982, kusini mwa Atlantiki, Uingereza na Argentina zikipigania visiwa vya Falkland, nyambizi ya Uingereza iitwayo Conqueror ilifyatua torpido tatu kuelekea manowari ya Argentina, General Belgrano. Mbili zilipiga shabaha, manowari ikazama, na watu 323 wakapoteza maisha. Conqueror iliendeshwa kwa nguvu za nyuklia, nayo ilikuwa imebeba torpido za kisasa zinazoongozwa kwa waya. Hata hivyo nahodha wake hakuziamini, akachagua zile za Mark 8, ambazo usanifu wake ulianza miaka ya 1920 na ambazo kazi yake ni kwenda mbele moja kwa moja mpaka zigonge kitu. Belgrano yenyewe ilikuwa kongwe: iliingizwa majini huko Marekani mwaka 1938 kwa jina la Phoenix, ikanusurika shambulio la Wajapani katika Pearl Harbor mwaka 1941, kisha ikauzwa kwa Argentina.

Silaha ilikuwa ya zamani, basi, na shabaha ilikuwa ya zamani. Kilichokuwa kipya siku ile ni kile kilichotangulia mlipuko. Conqueror ilikuwa imeifuata Belgrano, pamoja na manowari mbili zilizoisindikiza, tangu jana yake, ikiwa chini ya maji, kwa mwendo unaolingana na wao, bila mtu yeyote kule juu kuhisi kwamba anafuatwa. Nyambizi ya enzi za vita vikuu viwili isingeweza kufanya hivyo hata kidogo. Ingebaki nyuma ndani ya saa ya kwanza, na betri zake zingekuwa zimekwisha.

Wanaolinganisha nyambizi za leo na za kale huanza kwa kutaja urefu, uzito na idadi ya makombora, kwa sababu tarakimu hizo ni rahisi kupata na zinastaajabisha. Ni kweli kwamba nyambizi ya Marekani ya aina ya Ohio ina urefu wa mita 170 na uzito wa zaidi ya tani 18,000 ikiwa chini ya maji, ilhali Hunley ya mwaka 1864 haikuzidi mita 12 au 13. Lakini ukubwa haueleze jambo lenyewe. Kipimo ninachokiona kinafaa ni hiki: je, mtambo unaokiendesha chombo unahitaji hewa ya juu ya bahari au hauhitaji? Ukipima hivyo, utaona kwamba mpaka kati ya zamani na sasa haupiti mahali ambapo wengi wanauweka. Unapita mwezi Januari 1955, na zaidi ya hapo, jambo ambalo husahaulika, unapita katikati ya nyambizi zinazoundwa mwaka huu huu.

Tuanze na Hunley, kwa kuwa ndiyo nyambizi ya kwanza kuzamisha manowari vitani. Ilikuwa bomba la chuma ambamo wanaume saba waliketi kwa kubanana wakizungusha kwa mikono mtaimbo uliopindwapindwa, uliounganishwa na rafadha ya nyuma, huku wa nane, ambaye ndiye nahodha, akiwa mbele kushika usukani. Mle ndani hamkuwa na hewa nyingine isipokuwa ile waliyofungiwa nayo mfuniko ulipofungwa. Mshumaa uliwamulikia, na mshumaa huohuo ndio uliowaonya: ulipoanza kufifia, walijua kwamba oksijeni inapungua. Katika majaribio peke yake chombo hiki kilizama mara mbili na kuua watu 13, akiwemo Horace Hunley mwenyewe, aliyekipa jina lake. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864, nje ya bandari ya Charleston, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kiliizamisha manowari Housatonic, na wote wanane waliokuwa ndani hawakurudi.

Barcelona, miaka hiyohiyo, mtu mmoja alikuwa ameliona tatizo kwa undani kuliko wenzake. Narcís Monturiol aliifungia nyambizi yake Ictíneo II mashine ya mvuke ambayo moto wake haukutokana na makaa bali na mchanganyiko wa kemikali, ambao pia ulitoa oksijeni ya kuvuta. Mwaka 1867 mashine hiyo ilifanya kazi. Mwaka uliofuata fedha zilikuwa zimekwisha, na chombo kikauzwa kama chuma chakavu. Wazo lake lilisubiri karibu miaka 90.

Dunia ilifuata njia ya John Philip Holland, mwalimu wa Kiayalandi aliyehamia Marekani, ambaye nyambizi yake ilinunuliwa na jeshi la wanamaji la nchi hiyo mwezi Aprili 1900. Mpango wake ulikuwa injini ya petroli ya kutumia juu ya maji na kuchajia betri, na mota ya umeme ya kutumia chini. Petroli ilikuwa hatari ndani ya chumba kilichofungwa, kiasi kwamba nyambizi za mwanzo za Uingereza zilibeba panya weupe ili wazimie kabla ya binadamu endapo gesi ya sumu itavuja. Dizeli ikachukua nafasi yake. Mpango wenyewe haukubadilika kwa nusu karne, nao ndio uliozifanya nyambizi zote za vita viwili vya dunia kuwa meli za juu zenye uwezo wa kuzama kwa muda, kama mzamiaji wa pweza anayezuia pumzi: hodari akiwa chini, lakini kila mara akiwa na deni la kurudi juu.

Tazama Aina ya VIIC ya Wajerumani, ambayo ziliundwa zaidi ya 500 na ambayo ndiyo iliyoitesa Uingereza katika Atlantiki. Juu ya maji ilikimbia kilomita 33 kwa saa, na kwa mwendo wa wastani iliweza kusafiri zaidi ya kilomita 15,000. Chini ya maji mwendo wake wa juu kabisa haukufika kilomita 15 kwa saa, na kwa kutambaa taratibu betri zilimalizika baada ya kilomita 150 hivi. Ndiyo maana ilikuwa na umbo la meli, lenye pua iliyochongoka ya kukata mawimbi na mzinga juu ya sitaha, na ndiyo maana manahodha wake walipendelea kushambulia usiku wakiwa juu. Ndani, watu zaidi ya 40 waliishi katikati ya torpido na soseji zilizoning'inia darini, na choo kimoja kati ya viwili kilikuwa ghala la chakula kwa wiki za mwanzo. Hewa ya kuvuta waliipata kila walipoibuka. Ndege zenye rada zilipoongezeka, kuibuka kukawa hukumu ya kifo: mwezi Mei 1943 pekee Ujerumani ilipoteza nyambizi 41.

Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kukumbuka nyambizi za kizazi hicho. Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli za kubeba askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Mchana wa tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga torpido mbili. Meli ilizama chini ya dakika tatu, na watu 1,297 wakafa, mojawapo ya maafa makubwa kabisa ya baharini katika vita ile kwa upande wa Washirika.

Yaliyofuata yanaonyesha udhaifu wa chombo hicho waziwazi. Baada ya kufyatua, I-27 haikuweza kukimbia. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, lakini chini ya maji mwendo wake ulikuwa sawa na wa baiskeli, ilhali manowari Paladin na Petard zilizokuwa zinalinda msafara ziliweza kuuzidi mwendo huo mara nne. Ikajificha chini ya eneo ambamo manusura walikuwa wakielea, na Waingereza wakachukua uamuzi wa kuangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji mahali palepale, katikati ya watu wao wenyewe. Nyambizi ilipasuliwa ikalazimika kuibuka, ikapigana kwa mzinga wake, Paladin ikaigonga na yenyewe ikaumia, na mwishowe torpido ya Petard ikaimaliza. Sisemi kwamba nyambizi ya leo isingeonekana. Nasema kwamba ingekuwa kilomita kadhaa mbali kabla manowari hazijageuza pua, na nahodha wa Petard asingefikishwa kwenye uamuzi ule.

Wajerumani walijaribu kutibu ugonjwa huo kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa mrija wa hewa, ubunifu wa Waholanzi, uliowezesha injini za dizeli kufanya kazi huku nyambizi ikiwa imezama na ncha ya mrija tu ikiwa juu. Wimbi lilipoifunika ncha hiyo, vali ilijifunga, na injini zikaanza kufyonza hewa ya chumba ambamo watu walikuwamo, hata masikio yakauma. Ya pili ilikuwa Aina ya XXI, iliyojazwa betri nyingi na kunyooshwa umbo lake, ikawa nyambizi ya vita ya kwanza kuundwa kwa wingi yenye kasi zaidi chini ya maji kuliko juu. Ziliingizwa kazini zaidi ya mia moja, lakini ni mbili tu zilizowahi kwenda doria ya vita kabla ya Ujerumani kusalimu amri mwaka 1945, na hazikuzamisha chochote. Washindi waligawana zilizobaki na kuzichunguza kwa bidii.

Tarehe 17 Januari 1955 nyambizi ya Marekani Nautilus iling'oa nanga kwa nguvu za kinu cha nyuklia, matunda ya miaka ya ushupavu, wengine wangesema ubishi, wa afisa wa jeshi la wanamaji Hyman Rickover. Kinu hakichomi kitu. Joto linalotokana na kupasuka kwa viini vya atomu huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, na hakuna hata tone la oksijeni linalotumika. Mwezi Agosti 1958 Nautilus ilipita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1960 Triton ilizunguka dunia ikiwa chini ya maji kwa siku 60 hivi. Mabadiliko ya umbo yalifuata yenyewe: pua ya meli iliondolewa, mzinga wa sitaha ukatupwa, na mwili ukawa mviringo kwa mfano wa chombo cha majaribio kiitwacho Albacore. Nyambizi ya leo inapokuwa juu ya maji huyumba vibaya na kuwachefua mabaharia wake, kwa sababu hakuna aliyeisanifu ikae huko.

Pumzi za watu ziliunganishwa na kinu hichohicho. Umeme hupitishwa katika maji yaliyoondolewa chumvi, yanagawanyika, oksijeni inabaki ndani na haidrojeni inatupwa baharini. Hewa chafu wanayotoa mabaharia hunaswa na kimiminika cha kemikali, kisha hupashwa moto, ikatoka na kusukumwa nje. Maji ya kunywa hutengenezwa humohumo. Nyambizi za aina ya Virginia huundwa na fueli ya kuzitosha maisha yao yote, zaidi ya miaka 30. Kinachozirudisha bandarini ni chakula na uchovu wa watu, na ndiyo sababu nyambizi za Ohio zina mabaharia wa makundi mawili wanaopokezana chombo kimoja.

Lakini pumzi hiyo inategemea umeme, na umeme ukikatika karne moja na nusu zinafutika. Tarehe 12 Agosti 2000 torpido moja ya nyambizi ya Urusi Kursk, iliyotumia haidrojeni peroksaidi, ililipuka, ikafuatiwa na mlipuko mkubwa zaidi uliovunja sehemu ya mbele. Kati ya watu 118, 23 walibaki hai nyuma kabisa, katika chumba cha tisa. Vinu vilikuwa vimejizima kama vilivyosanifiwa. Walikuwa na bamba za kemikali za kunasa hewa chafu na kutoa oksijeni, na inaelekea mojawapo iliangukia maji yenye mafuta na kuwasha moto ulioteketeza hewa iliyobaki. Luteni Kapteni Dmitri Kolesnikov aliandika orodha ya majina yao gizani. Chombo chenye uzito wa tani zaidi ya 14,000 kilikuwa kimerudi kwenye tatizo la Hunley.

Nyambizi ilipoacha kuonekana, adui alibakiwa na masikio tu, na hapo vita vyote vikahamia kwenye sauti. Kinu kina pampu zinazozunguka usiku na mchana, kwa hiyo wahandisi waliipandisha mitambo juu ya majukwaa yanayoelea juu ya mpira, wakafunika mwili wa nje kwa vigae vya kumeza sauti, na wakatumia miaka mingi kuchonga rafadha isiyovuma. Mwaka 1987 ilifichuka kwamba kampuni tanzu ya Toshiba ya Japani, pamoja na Kongsberg ya Norwei, ziliwauzia Wasovieti mashine za kuchonga rafadha kwa usahihi mkubwa, na baadhi ya wabunge wa Marekani wakatoka nje ya Bunge kuivunja redio ya Toshiba kwa nyundo mbele ya kamera. Binafsi nadhani kelele hizo zilizidi kiasi, kwani Wasovieti walikuwa wameanza kutuliza nyambizi zao kabla ya mashine hizo kufika, baada ya mpelelezi wao John Walker kuwapa siri za jeshi la wanamaji la Marekani kwa miaka mingi. Hata hivyo kisa hicho kinaonyesha kilichokuwa na thamani. Mwezi Februari 2009, katika bahari yote ya Atlantiki, Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, zote mbili zikiwa zimebeba makombora ya nyuklia, ziligongana chini ya maji. Ufaransa mwanzoni ilidhani imegonga kontena lililozama. Hakuna iliyomsikia mwenzake.

Ukimya huo umebadilisha hata utii. Manahodha wa Kijerumani walizungumza na makao makuu kwa redio kila mara, na kila walipozungumza Waingereza walipima mawimbi ya redio yanatoka wapi. Nyambizi ya makombora ya leo hupokea ujumbe kwa mawimbi ya masafa ya chini sana na haijibu kwa wiki nyingi. Katika nyambizi za Uingereza za aina hiyo mna barua ya Waziri Mkuu iliyofungwa ndani ya kasiki, yenye maagizo ya nini cha kufanya endapo serikali imeangamia.

Nilisema mpaka unapita katikati ya nyambizi za leo pia. Ni mataifa sita tu yanayotumia nyambizi za nyuklia: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India. Nyingine zote, zikiwemo za Afrika Kusini, Misri na Aljeria, ni za dizeli na betri, yaani ni watoto wa Holland wenye kompyuta. Zisidharauliwe. Mwaka uleule wa Belgrano, nyambizi ndogo ya Argentina San Luis ilizunguka Falkland kwa wiki kadhaa, Waingereza wakapoteza torpido na mabomu mengi kuiwinda bila kuipata, na zilizookoa manowari zao ni kasoro za torpido za San Luis zenyewe. Ikiwa kwenye betri, nyambizi ya dizeli haina pampu ya kinu, na inaweza kunyamaza kabisa. Sweden iliweka injini ya Stirling inayotumia oksijeni iliyobebwa ndani, na nyambizi yake Gotland iliisumbua Marekani katika mazoezi kuanzia mwaka 2005. Mwaka 2013 nyambizi ya Ujerumani U-32, yenye seli za haidrojeni, ilikaa chini siku 18 bila kutoa mrija. Japani, kinyume chake, iliiacha Stirling na kujaza betri za lithiamu katika Ōryū, iliyoanza kazi mwaka 2020.

Siku 18 ni nyingi, lakini zina mwisho, na zinapatikana kwa kutambaa tu. Deni la mzamiaji limeahirishwa. Namna linavyoweza kudaiwa ilionekana tarehe 15 Novemba 2017, pale San Juan ya Argentina, iliyoundwa Ujerumani na kuanza kazi mwaka 1985, ilipoarifu kwamba maji ya bahari yameingia kwa mfumo wa kuvutia hewa, yakafikia betri na kusababisha hitilafu ya umeme. Iliwalazimu mabaharia kutoa mrija katika bahari iliyochafuka, kama wenzao wa mwaka 1944. Wote 44 walikufa, na mabaki yalipatikana mwaka mmoja baadaye, mita 900 hivi chini.

Kwa kipimo hiki uamuzi wa Australia wa mwezi Septemba 2021 unaeleweka zaidi kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Ilivunja mkataba na Ufaransa wa nyambizi 12 za dizeli, ikachagua za nyuklia kwa ushirikiano na Marekani na Uingereza, na Paris ikawaita nyumbani mabalozi wake kutoka Canberra na Washington. Kambi ya nyambizi za Australia iko karibu na Perth, maelfu ya kilomita kutoka Bahari ya China Kusini, na nyambizi ya dizeli ingetumia sehemu kubwa ya muda na siri yake njiani, ikipandisha mrija. Sweden, ambayo bahari yake ya Baltiki ina kina cha wastani cha mita 55 hivi, ingekuwa imepoteza akili kununua kitu kama hicho. Kinachonitia shaka ni hesabu. Makadirio ya gharama yanafika dola za Australia bilioni 368, na nyambizi za kwanza, zinazotarajiwa mwanzoni mwa miaka ya 2030, zitatoka kwenye karakana za Marekani, ambazo kwa miaka kadhaa hazijafikia lengo la kuunda Virginia mbili kila mwaka kwa ajili ya jeshi lao wenyewe. Tatizo la hewa lilitatuliwa mwaka 1955. Kinachokosekana sasa ni mafundi wa kulehemu, na hao hawapatikani kwa kutia sahihi mkataba.